Vidonge vya Mwalimu Mkumbo

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa na vipande viwili. Cha kwanza: kama nisingemwambia Mwalimu Mkumbo asimamishe vidonge vyake, angekuwa hai? Cha pili: kama hakuna mtu anayeweza kukijibu cha kwanza, kuna haja gani ya kumwambia mjane wake kwamba vidonge vilisimamishwa, na kwamba aliyesema visimamishwe ni mimi?

Nitafika huko. Nianze kwa utaratibu.

Kumbukumbu za kazini huandikwa na watu waliostaafu, wenye mvi na picha ya kuagwa ambamo wameshika saa ya ukutani. Mimi nina miaka ishirini na nane. Ninaondoka kwenye duka hili la dawa la Itigi baada ya miaka mitatu na miezi saba, na saa ya ukutani sikupewa. Lakini Mama Mwaja, mwenye duka, amesema nisiondoke na niliyojifunza kichwani, nimwandikie atakayekaa kwenye kiti changu. Kwa hiyo wewe unayekuja, ambaye hatujaonana, kurasa hizi ni zako. Kiti chenyewe kina mguu mmoja mfupi. Usikiegemee upande wa kushoto.

Nilishuka Itigi na shahada yangu ya famasia ndani ya bahasha ya plastiki, na hofu ambayo haikuwa na bahasha. Njia nzima kutoka kwetu Kiomboi nilikuwa nikirudia dozi za watoto kwa uzito, kama mtu anayekwenda kwenye mtihani. Siku ya kwanza mteja wangu wa kwanza alikuwa mwanamume wa makamo mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi. Alitaka dawa ya kichwa. Nikamuuliza kimemuuma tangu lini, upande gani, kama anatapika, kama ana presha, kama anatumia pombe, kama ana mzio, kama kwao kuna mtu aliyewahi kupooza. Akanitazama, akamgeukia Mama Mwaja.

"Mama, huyu dada vipi? Mimi naumwa kichwa, sijaja kuposa."

Mama Mwaja alicheka mpaka akashika kaunta. Alikuwa nesi mkunga kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kufungua duka. Ni Mgogo wa Kintinku, mwenye magoti mabovu na macho ambayo hayapitwi na kitu. Alimpa yule bwana vidonge vyake, akaniambia, "Mwanangu, maswali yako ni mazuri. Ila chagua matatu. Mtu mwenye maumivu ana subira ya maswali matatu."

Nilimuuliza ni yapi matatu. Akasema hayo ndiyo kazi yenyewe.

Nilijifunza vitu vidogo. Sinia la kuhesabia vidonge lifutwe kila baada ya dawa ya salfa, maana unga wake unabaki na kuna watu unaowavimbisha midomo. Bahasha ya dawa uandike kwa kalamu ya wino mzito, kwa sababu jasho la mfukoni hufuta kalamu ya kawaida. Kwa bibi asiyesoma chora jua likichomoza na mwezi, usichore saa. Niliwahi kuchora saa. Bibi mmoja kutoka njia ya Rungwa alirudi akasema ameelewa kila kitu ila hajaelewa kwa nini nimemchorea sufuria. Mteja wa kijijini akikwambia "nipe ile nyekundu", usimpe nyekundu yoyote. Mwombe alete ganda la dawa aliyomaliza. Na kabla hajaondoka, muulize anameza nini kingine nyumbani. Hilo Mama Mwaja alilishikilia kuliko yote. Alikuwa akiwaambia watu walete mfuko wao wote wa dawa, na watu walileta, wakamwaga juu ya kaunta vidonge vya miaka minne pamoja na vifungo vya mashati.

Jambo moja sikulijifunza mapema, na hakuna aliyenificha. Mtu akisimama mbele ya kaunta yetu anakuita dokta. Unaweza kumwambia mara kumi kwamba wewe si daktari. Atatikisa kichwa, atasema sawa dokta, na utakalosema atalifanya kama lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Daktari mwenyewe yuko Manyoni, Singida au Dodoma, kwa nauli na foleni. Wewe uko hapa, unaonekana kutoka barabarani.

Mwalimu Yona Mkumbo alianza kuja dukani mwaka wangu wa pili. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka hamsini na mmoja, mrefu, mwembamba wa miguu na kitambi kidogo alichokiita "mgeni". Ni Mnyiramba kama mimi. Alipojua kwetu ni Kiomboi alianza kunisalimia kwa lugha ya nyumbani, nami nikawa najibu kwa aibu, maana Kinyiramba changu kilikatika nilipopelekwa shule ya bweni. Alikuwa amewahi kubanwa kifua akiwa darasani. Akapelekwa Dodoma, akapimwa, akaambiwa mishipa ya moyo ina mafuta, akaandikiwa vidonge vya kushusha lehemu, yaani hayo mafuta ya kwenye damu, kimoja kila jioni, pamoja na vingine viwili vya asubuhi. Daktari alimwambia apunguze mafuta na afanye mazoezi.

Hilo la mazoezi alilichukua kwa moyo wote. Alikuwa na rafiki, Rama, fundi pikipiki, ambaye alikuwa akikimbia kila alfajiri kufuata njia ya vumbi kando ya reli. Mwalimu akaungana naye. Walianza kwa kutembea na kukimbia kwa zamu. Baada ya miezi michache walikuwa wanakwenda mpaka nyumba za watu zinapokwisha na kichaka kinapoanza, na kurudi. Nilikuwa nawaona nikifungua duka. Rama mbele, mfupi, amefunga kitambaa kichwani. Mwalimu nyuma, mikono ikienda kama mtu anayefukuza kuku.

"Dokta mdogo!" Rama alikuwa akipaza sauti. "Andaa dripu, huyu mzee leo nampeleka Tabora!"

"Mzee ni baba yako," Mwalimu alikuwa akijibu, akihema.

Kisha wakasikia kwamba kutakuwa na mbio ndefu Singida mjini, za watu wa rika zote, na wakaamua kwenda. Wakaongeza umbali. Wakaongeza na kilima kimoja cha upande wa kaskazini, kupanda na kushuka mara sita.

Katika wiki hizo ndipo Mwalimu alipokuja na miguu yake. Ilikuwa saa nne asubuhi, mapumziko ya shule. Alipanda ngazi mbili za baraza letu akishika ukuta.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Leo sijaja kununua, nimekuja kushitaki." Akajigonga mapaja yote mawili. "Hapa na hapa. Kama nimepigwa na mchi. Wiki ya tatu sasa. Rama anasema ni mazoezi, mwili unazoea. Mke wangu anasema ni uzee. Nimesoma kile kikaratasi cha ndani ya boksi, kinasema dawa inaweza kuumiza misuli. Sasa wewe uliyesoma, niambie. Ni mbio au ni dawa?"

Ninakuandikia nilichojua wakati ule, usidhani sikujua. Nilijua kwamba vidonge vya kushusha lehemu huweza kuleta maumivu ya misuli, na kwamba mara nyingi maumivu hayo hukamata pande zote mbili, kwenye misuli mikubwa ya mapaja, makalio na vigimbi vya miguu. Nilijua kwamba maumivu ya mazoezi huzidi siku ya pili, kisha hupungua, na hufuata kazi uliyofanya. Nilijua kwamba mtu anayemeza vidonge hivyo akiongeza mazoezi ghafla, viwili hivyo hushikana na ni vigumu kuvitenganisha kwa kumtazama. Nilijua pia lile jambo adimu na baya, misuli kuvunjika na kuziba figo, mkojo ukatoka na rangi ya chai ya rangi. Ukurasa huo wa kitabu niliujua kwa moyo kuliko sala.

Na huo ukurasa ndio ulionitawala. Nilimuuliza rangi ya mkojo. Akasema ni ya kawaida. Nikamuuliza tena. Akasema, "Binti yangu, niulize basi la tatu."

La tatu lingekuwa: daktari wako amesemaje? Karatasi yake ya Dodoma ilikuwa mkononi mwake, namba ya simu ya kliniki imepigwa mhuri chini. Ningeweza kupiga palepale. Badala yake nilifikiria namna daktari wa moyo atakavyonisikia, mtu wa kaunta ya Itigi, nikiuliza swali ambalo huenda ni la kijinga. Nikafikiria figo. Nikafikiria Mwalimu amelazwa, na watu wakiuliza, alikwenda dukani, huyo msichana alimwambia nini? Kila nilipogeuza jambo hilo niliona hatari ya dawa, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa. Hatari ya kuiacha haikuwa kwenye kile kikaratasi.

Nikamwambia, "Mwalimu, hebu pumzisha hivyo vya mafuta kwanza. Wiki mbili, tuone miguu itasemaje."

"Na mbio?"

"Mbio punguza kidogo."

"Sawa, dokta."

Ni hayo tu. Daktari niliyezungumza naye baadaye aliniambia kwamba hata yeye huenda angesimamisha kwa muda. Kusimamisha kwenyewe si dhambi. Kosa langu lilikuwa kwamba sikuandika tarehe ya kurudi. Sikuandika chochote. Nilisimamisha dawa ya mtu kwa mdomo, juu ya kaunta, huku nikimrudishia mteja mwingine chenji.

Baada ya siku kumi alipita akikimbia. Alinipungia mkono, akajipiga paja, akainua dole gumba. Miguu ilikuwa imepona. Nilifurahi, nakuambia kweli, nilifurahi siku nzima. Wiki mbili zikaisha. Nikasema akija nitamwambia arudi kwa daktari, apewe dozi ndogo au abadilishiwe aina. Hakuja, maana hakuwa na cha kununua. Vile vingine viwili alikuwa akivipata zahanati; ambavyo angekuja kununua kwetu ndivyo nilivyovisimamisha. Nikasema nitampigia. Nikaanza kufikiria nitaanzaje. Atasema mbona hukuniambia mapema. Ataona sijui kazi. Mara mbili niliandika ujumbe kwenye simu, nikaufuta. Mara moja nilimwona sokoni ananunua vitunguu, nikatembea kumfuata mpaka kwenye meza ya tatu, kisha nikageuka kwa sababu alikuwa na mke wake na sikutaka kumtisha mama wa watu. Watu wanadhani mwenye mawazo mengi ni mwangalifu. Mimi nimegundua kwamba mawazo mengi ni njia ndefu ya kutofanya kitu.

Ikapita miezi minne.

Ilikuwa Jumamosi, saa moja kasoro asubuhi. Nilikuwa nainua mlango wa bati wa duka. Rama alikuja anakimbia peke yake, kutoka upande waliozoea kukimbilia, na sikuelewa kwa nini anakimbia vile, bila kupumzisha mikono. "Mwalimu ameanguka," alisema. Tulikwenda kwa bodaboda, watu watatu juu ya pikipiki moja. Alikuwa amelala pembeni mwa reli, na mkandarasi mmoja wa kokoto alikuwa amemfunika koti lake mabegani kama vile anasikia baridi. Nilimbonyeza kifua jinsi tulivyofundishwa. Niliendelea mpaka mikono ikaisha nguvu, Rama akanipokea, kisha nikampokea Rama. Gari la wagonjwa lilipofika dereva alituangalia, akavua kofia.

Msiba unajua unavyokwenda kwetu. Siku ya maziko husomwa historia ya marehemu, na ndani yake ugonjwa: ulianza lini, alitibiwa wapi, alikuwa akitumia nini, mpaka mauti. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka na akina mama, nyuma. Mdogo wake Mwalimu alisoma kwa sauti nzuri ya kanisani. Akasema kwamba marehemu aligunduliwa ana tatizo la moyo, kwamba alitibiwa Dodoma, na kwamba alitumia dawa zake zote kwa uaminifu kama alivyoelekezwa, hadi asubuhi aliyokutwa na mauti akiwa katika mazoezi na rafiki yake.

Kwa uaminifu. Mama Eliya, mke wake, alitikisa kichwa kukubali. Ndipo nikajua Mwalimu hakuwa amemwambia. Alikuwa na mke anayemhesabia hata chumvi. Bila shaka hakutaka mzozo. Vile vingine viwili aliendelea kumeza mbele yake, na hicho cha jioni mke akaamini kinamezwa pia.

Nikaona vichwa vikimgeukia Rama.

Hakuna aliyemtukana siku ile. Maneno yalikuja polepole, baada ya matanga. Shemeji zake Mama Eliya walisema mtu mwenye moyo mbovu hakimbizwi kilimani kama ndama. Walisema Rama alikuwa akimcheka ili aendelee. Wakasema asikanyage pale nyumbani. Wateja wake wawili watatu, wa ukoo ule, wakahamisha pikipiki zao kwa fundi mwingine. Akaacha kukimbia. Akaacha hata kupiga kelele barabarani, na Itigi bila sauti ya Rama asubuhi ni kama mji mwingine.

Wiki ya tatu alikuja dukani kununua plasta. Alikuwa amejikata na mnyororo. Aliweka kidole juu ya kaunta nikakisafisha, akawa anaangalia ukutani.

"Dokta mdogo. Wewe umesoma. Nilimuua?"

"Hapana, Rama."

"Alisema siku ile, Rama leo nimechoka. Nikamwambia mzee, umeanza kudeka. Ni neno langu la mwisho kwake."

"Hukumuua."

"Unajuaje?"

Nilijua kwa nini nilisema hivyo: yeye hakujua habari ya vidonge. Ile "wiki mbili, tuone" ilikuwa yangu, si yake. Nikafunga plasta, nikamwambia asiloweshe. Akasema asante, akaondoka, na mimi nikaendelea kupanga maboksi ya dawa za kikohozi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siku iliyofuata nilipiga ile namba ya Dodoma, ambayo bado ilikuwa kwenye nakala ya karatasi yake tuliyoiweka dukani. Nilijieleza jina na kazi. Daktari alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka, lakini alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huwezi kujua," alisema. "Mimi pia siwezi. Miezi minne bila dawa ni hatari iliyoongezeka, si hukumu. Angeweza kuanguka akiwa anazimeza. Angeweza kuanguka akiwa ameketi."

"Kwa hiyo si kosa langu?"

"Ungemrudisha kwangu tu, dada. Ningempima damu, huenda ningesimamisha kwa muda, kisha ningempunguzia dozi, au ningempa aina nyingine. Ningemwambia aache kile kilima. Wengi wanapata njia ya kumeza na kukimbia."

Nilikata simu, nikaandika kwenye ganda la boksi alichoniambia, na baadaye nikaligeuza kuwa utaratibu wa duka. Umebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Usiubandue. Mtu anayemeza vidonge vya lehemu akija na maumivu ya misuli, muulize yalianza baada ya nini: baada ya kuanza dawa au kuongezewa dozi, au baada ya kuongeza mazoezi. Muulize kama ni pande zote mbili, na kama miguu inauma tu au imekuwa dhaifu, hawezi kuinuka kwenye kigoda. Muulize amepewa dawa gani nyingine karibuni, kwa sababu baadhi ya dawa za vidonda vya tumbo na za fangasi huvifanya vidonge hivyo vikae mwilini kwa wingi kupita kiasi. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au akiwa dhaifu kabisa, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo. Kama sivyo, cha kwanza kupunguzwa ni kilima, si kidonge: apumzishe mazoezi makali siku chache, atembee, anywe maji. Na mpigie aliyemwandikia, palepale, yeye akiwa amesimama mbele yako. Kama daktari atasema asimamishe, andika kwenye bahasha tarehe ya kurudi kwa wino mzito, andika na kwenye daftari letu, na tarehe ikifika asipokuja, mtafute. Usifute ujumbe.

Tangu utaratibu huo uwepo wamekuja watu wanne wenye shida ile ile. Mmoja, dereva wa lori ambaye sasa anaendesha baiskeli kwa ushindani, alipunguziwa dozi na bado anatusumbua kwa hadithi zake. Nawapenda wote wanne kwa namna ambayo hawawezi kuielewa.

Lakini siku zile jambo hili nilikuwa bado sijamwambia mtu wa hapa. Wa kwanza kumwambia hapa Itigi alikuwa Mama Mwaja. Nilichagua saa nane mchana, wakati hakuna wateja. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa anakunja magunia ya plastiki, na hakuacha kukunja.

"Mbona unaniambia leo?"

"Kwa sababu Rama..."

"Rama nimemwona. Nakuuliza wewe."

Nilimwambia ninaogopa. Kwamba wakisema tumemuua mtu duka litafungwa. Kwamba Mama Eliya ana huzuni yake tayari na mimi nitamwongezea nyingine. Kwamba huenda nataka kusema ili nilale tu, na kumtwika mjane mzigo ili wewe ulale si haki. Kwamba jibu la kitaalamu ni kwamba haijulikani, na kumpelekea mtu "haijulikani" nyumbani kwake ni kumpelekea nini? Nilikuwa na hoja tisa. Nilikuwa nimezipanga.

Mama Mwaja aliweka gunia chini. "Nilipokuwa mkunga kuna mtoto alinifia. Nilichelewa kumwita daktari. Nikasubiri, nikadhani namaliza mwenyewe. Mama yake alikuwa na mama mkwe, na mama mkwe akasema huyu mwanamke ndiye mwenye mkosi, hazai watoto wanaoishi. Mume akamwacha." Akanyoosha goti lake taratibu. "Sikusema. Nilikuwa na hoja kama zako. Nzuri sana."

"Ukamwona tena?"

"Anauza chapati Manyoni stendi. Nikipita kule nashukia upande mwingine." Akalichukua gunia lake tena. "Duka ni langu, na likifungwa litafungwa langu. Hilo liondoe kwenye hesabu zako. Yaliyobaki ni yako."

Nilikwenda kwa Mama Eliya Alhamisi, baada ya kazi za mchana. Nilimkuta anapepeta ulezi uani. Aliniletea kigoda, akaniuliza habari za kwetu, akanipa maji. Nilimwambia kwa mpangilio: miguu, kikaratasi, wiki mbili, miezi minne, sokoni kwenye vitunguu. Nilimwambia alichosema daktari, yote mawili, lile linalonisaidia na lile lisilonisaidia. Sikulia, kwa sababu nilikuwa nimejikataza. Niliona nikilia ataanza kunibembeleza.

Aliacha kupepeta.

"Nilikuwa namwekea maji ya kumezea," alisema. "Kila jioni. Glasi ya kijani. Kumbe anakunywa maji matupu."

Akaokota punje moja ya ulezi, akairudisha kwenye ungo.

"Ungekuja ukaniambia mimi, ningemkaba koo akameza."

"Najua, mama."

"Hujui." Akaanza kupepeta tena, kwa nguvu, mpaka ulezi mwingine ukaruka nje ya ungo. "Hujui kitu wewe, mtoto." Kisha, bila kunitazama: "Na yule fundi wa watu amekaa na jambo hili peke yake siku zote hizi?"

"Ndiyo."

"Na wewe unamwona kila siku."

"Ndiyo, mama."

Akaweka ungo chini. "Jumapili ni arobaini. Shemeji zangu wote watakuwepo. Mimi nitamtumia Rama mtu, nitamwambia aje, nimemwita mimi. Wewe hayo uliyoniambia mimi, utawaambia wao. Mimi sitakusemea."

Nilikuwa na siku mbili za kufikiria, na kama umenisoma mpaka hapa unajua nilizitumiaje. Ijumaa nilimwandikia Mama Eliya barua ya kuomba radhi kwamba nimepata dharura ya nyumbani Kiomboi. Niliiandika vizuri. Jumamosi niliangalia saa za mabasi. Sikupanda lolote.

Jumapili, ibada ilipokwisha na watu wakiwa bado hawajagawiwa chakula, Rama alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi karibu na uzio, nusu ya mwili nje, kama mtu aliye tayari kufukuzwa. Mdogo wake Mwalimu aliuliza kama kuna mwenye neno kabla ya kufunga. Mama Mwaja, aliyekuwa ameketi upande wangu, hakunitazama wala kunigusa. Nikasimama. Nilitoa shikamoo kwa wazee, wakaitikia. Nikataja jina langu na nikasema ninauza dawa kule karibu na stesheni. Nikasema kwamba ile historia iliyosomwa siku ya maziko ilikuwa na kosa sehemu moja, na kosa hilo si la aliyesoma.

"Mwalimu hakuwa akimeza kidonge cha mafuta miezi minne ya mwisho," nikasema. "Niliyemwambia asimamishe ni mimi, na sikumwambia arudie. Rama hakujua."